Damu ya Sungura Katika Maabara

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya kazi yangu, naye amesema hataki hotuba, ataka somo. Basi hili ni somo. Nitawaeleza wadogo zangu mlio madarasani, pamoja na wenzangu wa zamani mlio makazini, jinsi damu ya sungura itumikavyo kutafuta protini moja katikati ya maelfu ya protini nyingine. Tena nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika kazi hiyo, kwa kuwa nimeona kwamba mtu hukumbuka kosa la mwenziwe zaidi ya kanuni ya kitabuni.

Sisi tuliosomea upande huu wa mashariki ya Uganda twamjua mbung'o tangu utoto wetu, na wazee wetu walitusimulia habari za malale. Kazi yangu ni kuchunguza vidudu viletavyo ugonjwa huo, ambavyo mbung'o huvipata katika damu ya mtu au mnyama mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. Kila kidudu ni seli moja tu, lakini ndani ya seli hiyo mna protini za namna maelfu. Nikitaka kujua kama protini fulani imo au haimo, nitaitambuaje? Haionekani kwa macho, na hata darubini haiwezi peke yake kuitofautisha na wenzake. Yahitaji shahidi aijuaye. Shahidi huyo twampata kwa sungura.

KINGAMWILI NI NINI?

Mmekwisha kujifunza kwamba kitu kigeni kiingiapo mwilini, mwili hujitetea. Katika damu mna seli nyeupe ziitwazo seli za B. Seli hizi hukitambua kitu kile kigeni, nasi hukiita antijeni, kisha huongezeka na kutoa protini za kukishika. Protini hizo ndizo kingamwili.

Kingamwili ya kawaida ina umbo kama herufi Y. Imeundwa kwa minyororo 4, miwili mizito na miwili myepesi, na uzito wake wote ni kama daltoni 150,000. Daltoni moja ni karibu sawa na uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Ncha mbili za juu za ile Y ndizo zishikazo antijeni, kama ufunguo ushikavyo kufuli yake. Waliotufunulia umbo hilo ni Rodney Porter wa Uingereza na Gerald Edelman wa Marekani, nao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1972. Porter alizikata kingamwili za sungura kwa kimeng'enya cha papai, yaani kile kile kilainishacho nyama ngumu jikoni.

Sasa angalieni jambo moja, maana somo lote limesimama juu yake. Kila seli ya B hutoa kingamwili za namna moja tu. Lakini protini ni kitu kikubwa chenye pembe na mikunjo mingi, na seli moja ya B huishika pembe hii, nyingine pembe ile. Basi ukimdunga sungura protini moja, damu yake haitakuwa na kingamwili ya namna moja. Itakuwa na mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja imetoka katika ukoo wake wa seli. Mchanganyiko huo huitwa kingamwili za poliklonali, maana yake za koo nyingi.

Nitatoa mfano. Mwizi amepita kijijini usiku, na watu 10 wamemwona. Mmoja aliona kovu la shavuni, mwingine aliutazama mwendo wake, mwingine aliona kofia tu. Mashahidi hawa wakikaa pamoja wana nguvu sana, kwa sababu mwizi akivua kofia, bado yuko aliyeliona kovu. Lakini pia wana hatari. Kesho akipita mtu mwema mwenye kofia kama ile, yule shahidi wa kofia atapiga kelele, “Ndiye huyu!” Wala hatasema uongo kwa kusudi, kwa kuwa yeye aliona kofia tu.

KAZI HII ILIANZAJE?

Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring wa Ujerumani na mwenziwe Kitasato Shibasaburo wa Japani walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na pepopunda yaweza kumkinga mnyama mwingine. Sungura walikuwa miongoni mwa wanyama wao. Maji hayo ya damu, yabakiayo damu ikiisha kuganda, huitwa seramu. Behring alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba, mwaka 1901.

Mwaka huo huo wa 1901 daktari mmoja wa Ujerumani, Paul Uhlenhuth, aliitumia seramu ya sungura kwa jambo jingine, yaani kutambua. Alikuwa amewadunga sungura ute wa yai la kuku, akaona kwamba seramu yao ikichanganywa na ute huo huleta ukungu mweupe kama maziwa. Kisha aliwadunga damu ya mtu. Seramu ya sungura hao ilileta ukungu katika damu ya mtu, hata kama ilikuwa imekauka nguoni.

Haukupita muda ila polisi walimhitaji. Katika kisiwa cha Rügen watoto wawili ndugu walikuwa wameuawa. Seremala mmoja jina lake Ludwig Tessnow alishukiwa, na nguo zake zilikuwa na madoa. Yeye alisema ni rangi ya mbao. Uhlenhuth aliyachunguza madoa yale kwa seramu zake, akakuta damu ya mtu, na mahali pengine damu ya kondoo. Tessnow alihukumiwa kuwa na hatia. Mwaona, basi, kwamba tangu mwanzo shahidi huyu alitumika katika mambo ya uhai na kifo.

Hata huku kwetu alitumika. Katika miaka ya 1950 watu walitaka kujua mbung'o anyonya damu ya wanyama gani hasa. Mbung'o walikamatwa porini Afrika ya Mashariki, damu iliyokuwamo matumboni mwao ikapakwa juu ya karatasi ya kuchujia, ikakaushwa, ikapelekwa Uingereza. Huko mtaalamu aliyeitwa Weitz, wa Taasisi ya Lister, aliilinganisha na seramu zilizotengenezwa kwa damu za wanyama mbalimbali. Ikaonekana kwamba mbung'o wa aina moja apenda sana ngiri, na wa aina nyingine apenda pongo. Lakini punda milia na nyumbu, ijapokuwa ni wengi porini, hunyonywa kwa nadra sana. Habari hii ilikuwa na uzito mkubwa, kwa maana katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo, wanyama wa porini walikuwa wakipigwa risasi kwa maelfu ili mbung'o wakose chakula. Kumbe wengine waliuawa bure.

SUNGURA HUDUNGWAJE?

Siku ya kwanza, kabla ya jambo lo lote, twamtoa sungura damu kidogo katika mshipa wa sikio. Sikio la sungura ni refu na jembamba, na mshipa wake waonekana vizuri, hata kazi hiyo haimsumbui sana akishikwa na mtu mpole. Seramu ya damu hiyo ya kwanza twaitia katika kichupa, twaandika tarehe na namba ya sungura, twaiweka katika friza. Nawaombeni mkikumbuke kichupa hicho. Nitarudi kwake.

Baadaye sungura hudungwa antijeni. Siku hizi mara nyingi hatutumii protini nzima, bali kipande chake kifupi, chenye asidi amino 15 hivi, kilichotengenezwa maabara. Kipande kama hicho ni kidogo mno, na mwili wa sungura hauwezi kukijali. Kwa hiyo hufungwa juu ya protini kubwa, na aghalabu protini hiyo hutoka katika damu ya konokono mmoja wa baharini. Pamoja nayo hutiwa dawa ya kuuchochea mwili. Sungura hudungwa tena baada ya majuma matatu au manne, na tena, hata damu yake ikawa na kingamwili za kutosha. Baada ya miezi mitatu hivi twapata seramu ya kufanyia kazi. Kila mara hutolewa damu kiasi tu, mililita 20 hivi, ili mnyama asidhoofike. Maabara iwatesayo wanyama wake hupata damu mbaya pamoja na jina baya.

Katika seramu hiyo mna kingamwili tulizozitaka, lakini zimo pia kingamwili zote nyingine ambazo sungura alizipata katika maisha yake. Kwa hiyo twaweza kuisafisha. Twakifunga kile kipande cha protini juu ya punje ndogo zilizojazwa katika bomba, kisha twapitisha seramu. Zinazokijua hukishika na kubaki, zisizokijua hupita na kwenda zake. Mwisho twaziachisha zilizobaki kwa tindikali hafifu, twaziweka katika kichupa chao.

PROTINI HUTAFUTWAJE?

Ziko njia nyingi. Nitaeleza ile niifanyayo mimi karibu kila juma.

Twachukua vidudu, twavipasua na kuvichemsha katika sabuni kali. Sabuni hiyo huzinyosha protini na kuzipa chaji hasi ya umeme. Kisha twazitia katika vishimo vya bamba jembamba la jeli, twapitisha umeme. Protini zote hukimbilia upande wa chanya, lakini jeli ni kama kichaka chenye miti iliyosongana. Ndogo hupenya upesi na kufika mbali, kubwa hukwama nyuma. Baada ya saa moja au mbili protini zimejipanga kwa uzito wake.

Ndipo twaweka juu ya jeli utando mweupe mfano wa karatasi, na kwa umeme tena twazihamisha protini ziingie utandoni, kila moja mahali pake. Njia hii ilielezwa mwaka 1979 na Towbin na wenziwe huko Basel, nchi ya Uswisi. Jina lake kwa Kiingereza lina neno Western, nalo ni mzaha wa wataalamu. Mwaka 1975 bwana mmoja wa Uingereza, Edwin Southern, alikuwa amebuni njia ya namna hiyo kwa DNA, ikaitwa kwa jina lake. Jina lake lina maana ya kusini, basi waliofuata wakachukua kaskazini, na mwaka 1981 mtafiti wa Marekani jina lake Burnette akachukua magharibi.

Utando huo, kabla haujatiwa kingamwili, twauogesha katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yale yale ya dukani, yaliyokorogwa katika maji ya chumvi. Protini za maziwa huziba nafasi zote tupu, ili kingamwili zisigande ovyo. Kisha twatia kingamwili za sungura, zimepunguzwa nguvu pengine sehemu 1 kwa 1,000. Zikiisha kushika, twaosha vizuri. Lakini bado hatuoni kitu. Kwa hiyo twatia kingamwili nyingine, zitokazo kwa mbuzi aliyedungwa kingamwili za sungura. Hizo za mbuzi zimefungwa kimeng'enya kitokacho katika mzizi wa mmea mmoja wa Ulaya, nacho kikipata dawa yake hutoa mwanga. Twapiga picha gizani. Pale palipo na protini yetu patatokea mstari mweusi katika picha.

Mstari ukitokea, moyo wa kijana hufurahi sana. Na hapo ndipo nilipojikwaa.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilipewa protini moja ya kidudu cha malale niitafute. Tulijua kutokana na jeni yake kwamba uzito wake ni kama daltoni 52,000. Sungura wawili walidungwa kipande chake. Miezi ikapita, seramu zikaja.

Seramu ya sungura wa kwanza ilinipa mstari mmoja tu, mweusi, safi, karibu na alama ya 50,000. Ya sungura wa pili ilinipa mstari hafifu, juu kidogo ya ule wa kwanza, tena ilinibidi kuungojea. Nikamhukumu sungura wa pili kuwa mvivu, nikakisukuma kichupa chake nyuma kabisa ya friza. Seramu ya wa kwanza nikaitumia katika kila kitu. Niliwaonyesha wakubwa wangu picha zake, wakanipongeza. Mwenzetu mmoja, dada aliyekuwa akisomea shahada yake, akaijenga kazi yake juu ya seramu ile. Alitaka kujua kama protini hiyo huongezeka kidudu kitokapo katika mbung'o na kuingia katika damu ya mnyama. Kwa seramu yangu aliona kwamba yaongezeka. Akafanya kazi hiyo miezi mitano, nasi tukaanza kuandika taarifa ya kupeleka kwenye gazeti la sayansi.

Palikuwa na fundi wa maabara, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye sote tulimwita Mzee. Yeye hakuwa na shahada, lakini alikuwa amewatunza sungura na kuzitengeneza seramu kabla sijazaliwa. Jioni moja alisimama nyuma yangu akaitazama picha.

“Kijana,” akasema, “mstari wako ni mzuri. Ile damu ya kwanza umeiweka katika safu ya ngapi?”

“Sikuiweka, Mzee. Ipo katika friza. Niliona mstari ni mmoja tu, tena u mahali pake, nikaona hapana haja.”

“Hapana haja ya kumwuliza sungura alijua nini kabla hujamfundisha?”

Hakusema zaidi, akachukua mwavuli wake akaenda nyumbani. Mimi nikabaki nimeona haya kidogo, maana jambo hilo nilifundishwa juma la kwanza. Nikakitoa kile kichupa cha siku ya kwanza, nikafanya jaribio upya, safu moja seramu ya kabla, safu ya pili seramu ya baadaye. Saa tatu za usiku wa siku iliyofuata nikapiga picha.

Mistari ilikuwa miwili, nayo ilikuwa sawasawa. Sungura yule alikuwa na kingamwili ile kabla hatujamdunga cho chote. Sungura hula majani, huugua, huishi na vijidudu vya kila namna, na damu yake huweka kumbukumbu ya hayo yote. Kwa bahati kingamwili mojawapo ilikishika kitu fulani katika kidudu cha malale, protini nyingine kabisa yenye uzito ulio karibu na wa yetu. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kovu, nikampata mtu wa kofia.

Sitawaficha kwamba usiku ule nilifikiri kunyamaza. Hapakuwa na mtu mwingine maabara. Picha ilikuwa moja, nami ndiye niliyeishika. Taarifa ilikuwa karibu kwisha, na jina langu lilikuwa la kwanza. Nikajiambia pengine nimekosea safu, pengine vichupa vimechanganyika. Nikarudia jaribio lote asubuhi yake kabla wenzangu hawajafika. Jibu likawa lile lile.

Nikamwendea yule dada mezani pake. Nikamwambia, “Dada, nisamehe. Seramu niliyokupa haiijui protini yetu.” Nikaziweka picha mbili mbele yake. Alizitazama muda mrefu bila kusema neno. Miezi mitano si kitu kidogo kwa mtu mwenye muda wa kuhesabiwa. Mwisho aliuliza swali moja tu: “Ya yule sungura wa pili iko wapi?”

Tukaitoa nyuma ya friza. Damu yake ya kwanza ilikuwa safi, haikuwa na mstari wo wote. Tukaisafisha seramu yake kwa njia ya bomba niliyoieleza, na ule mstari hafifu ukawa wazi. Kisha tukafanya jaribio kubwa kuliko yote: tukachukua vidudu ambavyo jeni ya protini ile imezimwa. Mstari wa sungura wa pili ukafifia karibu kutoweka. Mstari wa sungura wa kwanza haukubadilika hata kidogo. Hapo tukajua kwa hakika ni yupi asemaye kweli. Yule niliyemwita mvivu ndiye aliyekuwa ameifanya kazi yake.

Ikaonekana pia kwamba protini yetu haiongezeki kama tulivyokuwa tumeandika. Taarifa tukaifuta kabla haijatoka, na yule dada akaanza upya. Ilituchukua miezi saba kurudi tulipodhani tumekwisha kufika.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA?

Mtu aweza kusema, “Hayo ni ya maabara, yanatuhusu nini?” Nitamjibu kwa mfano unaojulikana duniani.

Figo zetu hutoa homoni iitwayo eritropoietini, iuambiayo uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo sasa hutengenezwa kuwa dawa, nayo imewasaidia wagonjwa wengi wa figo waliopungukiwa damu. Walipewa pia wagonjwa wa saratani. Lakini mwaka 2003 majaribio mawili yalitoa habari za kutisha, kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani waliopewa dawa hiyo waliendelea vibaya kuliko wasiopewa. Swali likawa: Je, seli za saratani nazo zina kipokezi cha homoni hiyo, hata dawa ikazilisha? Maabara nyingi zilitafuta kipokezi kwa kingamwili zilizonunuliwa, na nyingi zilisema zimekiona.

Mwaka 2006 watafiti wa kampuni mojawapo itengenezayo dawa hiyo walizijaribu kingamwili hizo zenyewe. Mtu aweza kusema walikuwa na faida yao katika neno hilo, na ni haki kulikumbuka. Lakini majaribio yao yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyatazama. Kingamwili iliyotumika sana, nayo ilikuwa ya poliklonali ya sungura, ilitoa mstari kwenye daltoni 66,000, hali kipokezi cha kweli kina uzito wa kama 59,000. Ule wa 66,000 ulikuwa wa protini nyingine, ambayo seli huitengeneza zipatapo joto au taabu. Jambo hili halikuthibitisha kwamba dawa ni salama kwa wagonjwa wa saratani. Swali hilo ni la majaribio ya wagonjwa wenyewe. Lilithibitisha tu kwamba ushahidi mwingi uliokuwa umeandikwa ulitoka kwa shahidi asiyejaribiwa. Fikirini kazi ngapi zilipotea, na madaktari wangapi waliusoma ushahidi huo.

KANUNI NNE

Nimejiwekea kanuni hizi, nami nazitoa kwenu.

Ya kwanza, muulize sungura kabla ya kumfundisha. Damu ya siku ya kwanza iwe katika safu yake kila mara.

Ya pili, mpeleke shahidi mahali ambapo mtuhumiwa hayupo. Ukiwa na seli zisizo na protini ile, nawe bado waona mstari, basi mstari si wake. Hili ndilo jaribio lipitalo yote kwa nguvu.

Ya tatu, usitosheke na uzito peke yake. Protini nyingi zina uzito ulio karibu, kama vile watu wengi wana kimo kimoja.

Ya nne, andika namba ya sungura na tarehe ya damu. Sungura wawili waliodungwa kitu kimoja, siku moja, hawatoi seramu moja. Na sungura akifa, seramu yake haitapatikana tena. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1975, kwa kazi ya Köhler na Milstein, twaweza kutengeneza kingamwili za ukoo mmoja ambazo haziishi kwa kufa mnyama mmoja. Lakini hata hizo zaweza kumshika asiye wake, nazo hazina budi kujaribiwa vivyo hivyo.

Mzee yule alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kuagana alinipa kalamu ya kuandikia juu ya vichupa, wino wake haufutiki katika barafu. Hakusema neno juu ya mambo yaliyopita, wala mimi sikusema. Lakini kila nikiandika tarehe juu ya kichupa cha kwanza cha sungura mgeni, namkumbuka.

Wadogo zangu, baadhi yenu mtaingia maabara, wengine mtakuwa mahakimu, waalimu, au waandishi wa habari. Kila mmoja atakuwa na shahidi wake, naye atakuja na jibu lile lile mlilolitamani. Siku hiyo msifurahi upesi. Fungueni friza kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini kingamwili za poliklonali zina nguvu kuliko za ukoo mmoja mahali pengine, na hatari zaidi mahali pengine? Tumia mfano wako mwenyewe, si ule wa mwizi.

2. Utando huogeshwa katika maziwa kabla ya kutiwa kingamwili. Kama mtu akisahau, picha yake itakuwaje?

3. Katika kisa changu, seramu ya sungura wa kwanza ingalipitishwa katika bomba lenye kile kipande cha protini, ile kingamwili ya udanganyifu ingalikwenda wapi? Eleza sababu.

4. Mwenzako amepata mstari mmoja, safi, mahali pake. Mwulize maswali matatu kabla ya kumpongeza.

Mwanafunzi wenu wa zamani